Popo aliyepotea miaka 40 Nyungwe: alikuwa ameenda wapi?

"Khotsa, sasa huyo popo alikuwa ameenda wapi hiyo miaka yote?"

Hilo swali aliniuliza mpwa wangu, kijana wa gredi ya saba, tuko nyumbani Shinyalu, Kakamega, stima imepotea tangu saa kumi na mbili, na mimi nimetoka tu kumsomea kwa simu habari ya popo wa msitu wa Nyungwe kule Rwanda, yule aliyepatikana tena baada ya karibu miaka 40 bila mtu kumwona. Nikafungua mdomo nijibu, nikaufunga. Kabla sijajipanga mama yangu, ambaye sai sote tunamwita kukhu tangu wajukuu waje, akadakia kutoka jikoni: "Wangu hawajaenda popote, wako hapo juu ya dari wananikojolea ukuta."

Tukacheka lakini swali likabaki na mimi. Manake wengi wetu tukisikia mnyama "amepotea" halafu "amepatikana" tunafikiria ni kama ng'ombe aliyekata kamba, akazurura, akarudi. Huyo popo hakuenda mahali. Alikuwa huko huko msituni kila usiku akila wadudu wake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwona, na hata angeonekana, mtu wa kumtambua, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa ambayo watu huyachanganya, ata magazeti. Wacha niifungue hii stori polepole vile nimeielewa.

Tuanze na mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Rhinolophus hilli, tumwite popo wa Hill, na Hill hapa si kilima, ni jina la mtaalamu wa wanyama, ingawa kwa bahati tu popo mwenyewe ni wa milimani kwa hivyo jina linadanganya na kusema ukweli kwa wakati mmoja. Ni wa ukoo wa wale wanaoitwa popo wa kiatu cha farasi. Wengi wetu huku hatujawahi kuona kiatu cha farasi, ni kile chuma kilichopinda nusu duara ambacho hugongomelewa kwenye kwato. Sasa fikiria hicho kiatu kimetengenezwa kwa ngozi na kimewekwa kuzunguka pua, juu yake kuna kipande kingine kimechongoka kama ncha ya mkuki, halafu pembeni masikio makubwa kupita kichwa. Ukimwona mara ya kwanza unadhani amefungiwa mlango usoni. Hiyo sura ni kifaa cha kazi, nitaifikia.

Nyungwe iko kusini magharibi mwa Rwanda, imegusana na Burundi. Ni msitu wa milima, baridi na ukungu, unaanzia kama mita 1,600 na kupanda mpaka kilele cha Bigugu kwenye mita 2,950, na ukubwa wake ni kama kilomita mraba 1,000. Kwa mtu wa Kakamega hiyo inaumiza kidogo, sisi msitu wetu uliotangazwa kwenye makaratasi ni kama kilomita mraba 240 na si zote zimebaki na miti. UNESCO iliuingiza Nyungwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2023. Lakini usidhani ni mahali ambapo hapajawahi kuguswa, ndovu wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Kama ndovu mzima anaweza kuisha msituni watu wakiangalia, sasa kiumbe anayetoka usiku na kuingia kwenye kiganja chako je?

Na kabla useme Rwanda ni mbali: mgongo wa Nyungwe hugawa maji, upande mmoja yanaenda Kongo, upande mwingine yanateremka na mto Rukarara, yanaingia Nyabarongo, yanaingia Akagera, na Akagera inamwaga Ziwa Victoria. Ukikaa Dunga pale Kisumu na sahani yako ya samaki, hilo ziwa unaloangalia linapokea pia maji yaliyopita chini ya miti ya huyu popo.

Sasa historia. Mtaalamu wa Uswisi anaitwa Villy Aellen ndiye alimpa popo huyu jina mwaka 1973. Mara ya mwisho mtu kumnasa kabla ya kimya ilikuwa 1981. Halafu kimya. Na unaelewa vizuri miaka ya tisini Rwanda ilipitia nini, watu walikuwa hawana muda wa kufuata popo porini usiku. Mwaka 2013 shirika la Bat Conservation International la Marekani likaanza kumtafuta Nyungwe pamoja na Wanyarwanda wenyewe, yaani bodi ya maendeleo ya Rwanda inayosimamia mbuga, na baadaye chama cha Rwanda Wildlife Conservation Association. Kwenye hiyo timu kulikuwa na Mkenya pia, Paul Webala, mwanasayansi wa popo wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara. Januari 2019 wakaingia msituni siku kumi, mchana wakipanda milima na usiku wakikaa macho, ndipo wakamshika. Wakampima, wakampiga picha, wakarekodi sauti yake, wakamwachilia.

Tangazo likatoka Machi 2022. Mpwa wangu akashika hapo hapo: "Miaka mitatu kuandika habari moja?" Nikamwambia hapo ndipo kuna kazi yenyewe.

Unajua ukinasa popo wa kiatu cha farasi usiku, mvua inanyesha, tochi kichwani, huwezi tu kusema "huyu ni hilli" kama vile unasema huyu ni mbuzi wa fulani. Huyo popo ana ndugu wanaofanana naye mpaka wataalamu wenyewe wanabishana. Milimani mwa Bonde la Ufa la magharibi, lile linalopita Uganda, Kongo, Rwanda mpaka Ziwa Tanganyika, kuna kundi zima la hao wenye masikio makubwa, yuko wa Ruwenzori, na mwaka 2013 wakatangazwa wengine wawili wapya kutoka mashariki ya Kongo, mmoja amepewa jina la Kahuzi. Kuna wakati popo wa Hill alihesabiwa kuwa ni spishi moja na ndugu yake, na maana yake ni kwamba kwenye vitabu hakuwepo kabisa kama spishi! Alitoweka kwa kalamu kabla ya kutoweka kwa panga. Kwa hivyo mmoja wa hao watafiti, Jon Flanders, ilibidi aende kwenye makumbusho ya Ulaya kulinganisha vipimo vyao na vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa huko. Hapo ndipo uhakika ulipatikana.

(Na hapa niseme kitu kinachonikera kidogo: kielelezo cha popo wa Afrika, lazima mtu apande ndege aende Ulaya kukiangalia. Najua sababu zake, zilikusanywa zamani na zimetunzwa vizuri, lakini bado.)

Usifikirie hii shida ya majina ni ya Rwanda peke yake. Kenya tuna aina zaidi ya 100 za popo, na mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa DNA wa hawa wa kiatu cha farasi wa Afrika, Webala akiwa mmoja wa waandishi, ukaonyesha kuna makundi ambayo tumekuwa tukiyaita kwa jina moja kumbe ndani yake kuna spishi kadhaa ambazo hazijapewa jina. Hebu fikiria hiyo. Spishi inaweza kuwa na mlima mmoja tu duniani, na sisi tunahesabu kwamba iko kutoka Cape mpaka Cairo kwa sababu tumeichanganya na binamu yake. Ukikata huo msitu umemaliza ukoo na hakuna atakayeandika tanzia.

Turudi kwa swali la kwanza, kwa nini haonekani. Jibu rahisi ni kwamba anatoka usiku. Jibu la kweli liko kwenye ile pua.

Popo wengi hupiga kelele kwa mdomo na kusikiliza mwangwi unaorudi, ndivyo wanavyoona gizani. Wa kiatu cha farasi wanapiga kwa pua, na ile ngozi iliyokunjwa inaielekeza sauti mbele, kama vile unavyoweka viganja mdomoni ukiita mtu ng'ambo ya mto. Sauti yenyewe iko juu sana, sikio la binadamu linaishia mitetemo kama elfu 20 kwa sekunde na hawa wanaanzia juu ya hapo. Tena si mlio wa kukatika katika kama wa popo wengine, ni noti moja ndefu, imesimama pale pale. Sasa ukitaka kuelewa wanafanya nini nayo, simama kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu usubiri matatu inayokuja ikipiga honi bila kuacha. Ikija kwako honi iko juu, ikishakupita inashuka, wiii-wooo, na dereva mwenyewe ndani hasikii tofauti yoyote. Popo akiruka kuelekea kwa mdudu ni hivyo hivyo, mwangwi unamrudia ukiwa juu zaidi ya noti aliyotoa. Na sikio lake limetengenezwa lisikie vizuri kabisa noti moja tu. Basi anafanya nini? Anashusha sauti yake kidogo, kwa kiasi kile kile cha mwendo wake, ili mwangwi urudi kwenye noti ambayo sikio linaipenda. Hiyo hesabu anaifanya hewani, gizani, akikwepa matawi. Na nondo akipiga mabawa, ile noti inatetemeka, popo anajua hilo si jani, hicho ni chakula.

Hiyo ndiyo sababu huwezi kumnasa kirahisi. Watafiti hutumia nyavu laini kama nywele wanazitandaza kati ya miti, popo wa matunda anaingia mzima mzima, lakini huyu wetu anausikia ule uzi mbele yake na kugeuka. Kuna mtego mwingine, fremu mbili za nyuzi zilizosimama wima, ukiuangalia unafanana na litungu, kile kinanda cha nyuzi, lakini kubwa la mtu mzima kusimama ndani, popo akipita safu ya kwanza anagonga ya pili anateleza taratibu mpaka kwenye mfuko chini. Huo unasaidia, lakini lazima uuweke mahali hasa anapopita, na msitu ni kilomita mraba 1,000.

Lakini ile sauti inayomsaidia kukwepa ndiyo pia inamchongea. Popo wa kiatu cha farasi kila aina iko na noti yake, na wakubwa huwa na noti ya chini kuliko wadogo. Ukishajua noti ya huyu, na timu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuirekodi, huhitaji tena kumshika, unahitaji tu kumsikiliza. Basi baada ya kutoka, askari wa mbuga ya Nyungwe wakabaki na vifaa vya kurekodi, wakavifunga sehemu 23 msituni kwa miezi tisa. Wakatoka na faili za sauti kama 250,000. Robo milioni! Hizo huzisikilizi, unaziangalia kwenye kompyuta kama picha, mlio wa popo mwingine unaonekana kama mkwaju umeinama, wa kiatu cha farasi unaonekana kama mstari wa rula.

Na matokeo ndiyo haya: kati ya zile sehemu 23, popo wa Hill alisikika sehemu nane, zote ndani ya eneo dogo moja.

Hapo mpwa akashangilia, nane si mbaya khotsa, ni karibu thuluthi. Mimi nikasema soma tena, zote ndani ya eneo dogo moja. Kama zile nane zingekuwa zimetawanyika huku na huku ningekuwa na furaha. Zikikaa pamoja inamaanisha inawezekana sana huyu popo wote, duniani kote, anaishi kwenye kona moja ya msitu mmoja. Moto mmoja wa kiangazi, maporomoko, mtu mmoja mwenye wazo la kuchimba dhahabu pahali pabaya. Ni kama kujua kwamba mbegu yote ya aina fulani ya mahindi iko kwenye gunia moja, kwa ghala la mtu mmoja. Kupatikana si kuokoka, na watu walisherehekea la kwanza wakasahau la pili.

Ndiyo maana kwenye ile Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la dunia la uhifadhi, yuko kwenye ngazi ya juu kabisa ya hatari kabla ya kutoweka porini, na kupatikana kwake hakukumtoa hapo. Wengi wanadhani hiyo ngazi ni hesabu ya vichwa, ati wamebaki mia au mia mbili. Wakati mwingine ndiyo, lakini IUCN pia huangalia mnyama anaenea eneo kubwa kiasi gani, limekatika vipande vingapi, na hali yake inazidi kuharibika ama la. Kwa popo ambaye huwezi kumhesabu, eneo ndilo linasema.

Halafu kuna ule mtego wa mlima. Tukiwa shule tuliambiwa ukipanda mita 100 hewa inapoa kama nusu nyuzi au zaidi kidogo. Viumbe wa milimani wamezoea ubaridi wao, hali ya hewa ikipata joto wanapanda juu kuufuata. Sawa, lakini mlima una ncha. Ukifika juu hakuna mahali pengine pa kupanda, na kwenda mlima wa pili inabidi ushuke, uvuke mashamba ya chai, viazi, na watu, na huyu popo mabawa yake ni mapana na mafupi, yametengenezwa kuzunguka polepole katikati ya miti, si ya kusafiri. Linganisha na wale popo wakubwa wa manjano manjano wa matunda mnaowaona wamejaa kwenye miti mirefu ya mijini wakipiga kelele, hao ni wasafiri, husafiri nchi kwa nchi na kila mwaka mamilioni yao hukutana Kasanka kule Zambia. Huyo akikosa msitu huu anaenda ule. Wa Hill akikosa msitu huu amekosa.

Na kuzaa? Tunazoea kusema popo ni panya wenye mabawa, wacha nikukatize hapo. Panya anazaa kumi na anarudia baada ya wiki chache. Popo wa kiatu cha farasi anazaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mmoja. Na anamlea vizuri, kuna kitu kilinifurahisha nilipokisoma, mama wa ukoo huu huwa na chuchu mbili za uongo chini ya tumbo, hazina maziwa, ni za mtoto kuuma na kushikilia tu wakati mama ananing'inia ama anaruka naye. Sasa mnyama wa mtoto mmoja kwa mwaka ukimuua kumi leo hurudishi hao kumi mwaka ujao, inaweza kuchukua miaka mingi, kama watarudi.

Hapa lazima niingie kwenye ile sehemu ambayo huku kwetu ndiyo huwa ya kwanza: ugonjwa. Ukisema popo watu wa magharibi mwa Kenya wanakumbuka pango la Kitum kule Mlima Elgon, lile ambalo ndovu huingia usiku kukwangua chumvi kwenye ukuta. Wagonjwa wawili wa Marburg, ile homa kali ya virusi, mmoja 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea Kitum kabla ya kuugua. Hiyo ni kweli, na ukweli pia ni kwamba Rwanda yenyewe ilipata mlipuko wa Marburg mwaka 2024, watu 66 wakaugua na 15 wakafa, na chanzo kikafuatiliwa mpaka kwenye pango la wachimba madini lenye popo. Mimi siwezi kukwambia popo hana shida. Lakini popo gani? Mbebaji wa Marburg anayejulikana ni popo wa matunda wa Misri, anayejaa mapangoni kwa maelfu. Popo wa Hill ni wa ukoo mwingine, chakula kingine, uso mwingine. Popo wa kiatu cha farasi, wa Asia na hata baadhi ya wa Afrika, nao walikutwa na virusi vya jamii ya korona, hilo pia halifichwi, ila spishi si hiyo. Kuwatia wote kwenye kapu moja ni kama kusema kwa sababu swila ana sumu basi tuue kila nyoka na mijusi juu.

Na hata ukisema liwalo na liwe, tuwaue tu, kuna mahali ilijaribiwa. Mgodi wa Kitaka kule Uganda, baada ya wachimba madini kupata Marburg 2007, popo wa hapo waliangamizwa na milango ikafungwa. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena karibu na hapo. Watafiti wakarudi mgodini wakakuta popo wachache wamerejea, na kiwango cha wenye virusi kati yao kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha kabla ya kuuawa. Ukiwatoa wakubwa ambao mwili ulishazoea ugonjwa, nafasi inajazwa na wageni na vijana ambao bado hawajaupata, na ugonjwa unapata kuni mpya. Ushauri wa maana ni wa kuchosha lakini ndio huo: usiingie mapango ya popo bila sababu na bila kujikinga, usimshike popo kwa mkono mtupu, usile embe lililotafunwa usiku.

Upande wa pili wa hesabu hauongelewi sana. Hawa wa kiatu cha farasi wanakula nondo na mbawakawa. Nondo ndiye mama wa viwavi, na tangu 2017 viwavijeshi vipya vilipoingia mahindi ya Trans Nzoia, Bungoma na Busia nadhani kila mtu huku anajua kiwavi ni bei gani. Sisemi popo atakuokolea shamba, nasema kila nondo aliyeliwa usiku wa leo ni mayai ambayo hayatatagwa kesho. Na wakati wa kumbikumbi mtaona popo wamejaa juu ya taa, wanashindana na sisi tsiswa.

Hayo yote nilimweleza mpwa kwa siku kama mbili, si kwa kikao kimoja, na siku ya tatu jioni mama akaleta moshi. Sijui alipata wapi wazo, nafikiri kwa jirani, alikuwa ameweka pilipili kavu na samadi kwenye karai na anatafuta wa kupanda darini. Nikamwambia mama ngoja, wacha tujue kwanza ni nani wako huko na wanatokea wapi.

Wale wa darini si wa kiatu cha farasi wala si adimu, ni wale wadogo wa kahawia ambao mkia unachomoza nje, wanapenda mabati kwa sababu ya joto. Kuwatoa inawezekana bila moshi: unatafuta tundu wanalotumia, unaning'iniza wavu juu yake ukiwa wazi chini, wanatoka wakiteleza lakini wakirudi hawapati mlango, baada ya siku kadhaa unaziba na saruji. Ila usifanye wakiwa na watoto, kwa sababu watoto hawajui kuruka, watafia ndani na ile harufu utakayopata utatamani mkojo. Kwa hivyo kwanza unahesabu, unasikiliza kama kuna vilio vya watoto mama zao wakishatoka, halafu ndiyo unaamua.

Tukakaa nje kwenye viti vya plastiki, mpwa na daftari, mama na kanga yake mabegani, akisema anapoteza wakati lakini hakuondoka. Kama saa moja kasoro dakika kumi, mbingu bado ina rangi, kona ya mabati ikatoa mmoja. Alining'inia kidogo kwenye ukingo, akajiachilia, karibu aguse ardhi kabla mabawa hayajashika hewa. Halafu wa pili. Halafu watatu kwa pamoja, na kijana akaanza kuandika vijiti vitano vitano, ulimi nje, hataki kuongeleshwa. Arobaini na moja. Baada ya hapo giza likawa zito, tukasikia tu kukwaruza kwa mabati.

"Haya," mama akauliza, "wamebaki wangapi ndani?"

Mpwa akaangalia daftari, akaangalia tundu. "Kukhu, hao sijawaona."

"Kwa hivyo hawako?"

Akafikiria. "Hapana, nimesema sijawaona."

Mama akanyanyuka akaenda kumwaga lile karai, akasema basi kesho tukae tena na mlete tochi.